Dada Aliyeacha Kupiga Magoti

Dada yangu mpendwa,

Jina lako sitaliandika. Barua hii watu wataisoma, na wewe mambo yako ulipenda yabaki ndani ya nyumba, mlango ukiwa umefungwa. Nitakuita Dada, kama nilivyokuita tangu najifunza kusema. Na kijiji ulikoolewa nitasema tu ni upande wa Mpui. Wanaojua watajua, wasiojua haiwahusu.

Mimi mzima kiasi. Baridi ya Sumbawanga mwaka huu haina adabu, upepo unaingia mpaka chini ya cherehani na asubuhi vidole vinakataa kushika sindano. Kazi ipo, wateja wapo, wanataka nguo jana na vitambaa wanaleta leo. Hayo unayajua. Ninayotaka kukuambia ni mengine, na baadhi yatakuuma, lakini sina mtu mwingine wa kumwambia.

Unakumbuka shamba la baba kule Mollo? Masika yakielekea kuisha tulikuwa tunapiga ntumba, vile vilima vya udongo unavyofukia majani chini yaoze, mwaka unaofuata upate pa kupanda ulezi. Baba alikuwa hataki kilima kilichopinda. Siku ile nikaona damu mguuni nikadhani jembe limenikata mahali. Nikakaa juu ya kilima nikalia kwa sauti. Wewe ukaja, ukaniangalia, ukacheka mpaka ukashika kiuno. "Mjinga wewe, umevunja ungo!" Ukavua kitenge chako cha juu ukanifunga, halafu ukanieleza kila kitu palepale katikati ya shamba, mchana kweupe: kukunja kitambaa, kukifua, na mahali pa kukianika ambapo baba hatapita. Mama alikuwa hajawahi kunifungulia mdomo juu ya hayo, na hakuwahi.

Ndiyo maana nina hasira na wewe. Ndiyo, hasira, usinikatize. Yale ya kuanza ulinieleza yote, tena kwa kicheko. Ya kuisha ukayala mwenyewe, kimya, ukafa nayo.

Ni wewe pia uliyenifundisha kupiga magoti. Kwetu Ufipa salamu si jambo la kurusha mkono ukiwa unapita. Mkubwa akija, mwanamke anashuka chini, anapiga makofi taratibu, anasubiri aitikiwe ndipo ainuke. Ulinisimamisha uani ukawa unajifanya wewe ni shangazi. "Shuka polepole. Mgongo usiupinde. Mbona unapiga makofi kama unafukuza kunguru kwenye mahindi?" Nilikuwa nikianguka kwa kicheko na wewe unakaza uso, shangazi wa kweli kabisa.

Hakuna aliyeshuka vizuri kama wewe. Siku unaolewa, ulipopiga magoti mbele ya wakwe zako, hata watoto walinyamaza. Mama mkwe wako (nimwite Mama Restuta, ingawa si jina lake) alisema mbele ya watu wote, "Huyu amelelewa." Mama yetu alitembea na neno hilo miaka na miaka. Ukimuudhi kidogo tu anakukumbusha kwamba yeye ndiye mama wa yule aliyelelewa.

Halafu ukafika hamsini na kitu, ukaanza kubadilika, nasi sote tukaona bila kuelewa tunachokiona.

Ulikuwa ukija kwangu mjini nakumiminia chai, unasema nusu kikombe. Wewe! Mtu aliyekuwa anamaliza birika! Ukitaka kukaa kwenye kochi unatandika kanga kwanza. Nikakutania, "Dada, kochi langu lina kunguni?" Ukasema, "Baridi tu, mdogo wangu." Ukipiga chafya unabana miguu na kuganda kama mtu aliyeitwa na polisi. Kwaya ukaiacha, na pengo la sauti yako ile ya pili walikuwa hawana mtu wa kuliziba. Nilipokuuliza ukasema vijana wanaimba haraka mno. Kanisani ukahamia benchi la mwisho, karibu na mlango, na vitenge ukawa unavaa viwili, wakati mwingine vitatu. Nikasema moyoni, dada yangu anazeeka, anaogopa baridi.

Sasa nifike kwenye siku ile. Ilikuwa maandalizi ya harusi ya mwanao. Mimi nilikuwepo, nilileta sare nilizoshona. Baba mdogo wa mumeo akaja kutoka Kaoze, amechoka na joto la bondeni alilopanda nalo mlima, amekalishwa kwenye kiti cha heshima. Wanawake wote tukashuka. Mimi nilikuwa chini nimeinamisha kichwa nikaona miguu yako bado imesimama. Ukapiga makofi hivyo hivyo, umesimama, umeinamisha shingo tu. Yule mzee hakukuitikia.

Mama Restuta hakusubiri mgeni aondoke. "Mkwe wangu, magoti yako siku hizi yametengenezwa kwa kioo?"

"Yananiuma, mama."

"Shambani hayakuumi? Kuni unazobeba hazikuumi? Yanakuuma kwa ukoo wetu tu?"

Ulikusanya vikombe ukaingia jikoni, na wanawake wakaanza kunong'ona palepale. Nilikufuata. Nikakuta umegeukia ukuta unajifunga kitenge upya. Nikasema, "Dada, si ungeshuka tu mara moja, yaishe?" Ukasema, "Toka nje, nakuja." Hukugeuka.

Wakakaa kikao. Ukoo wa mumeo wakaamua umewadharau, kwa hiyo utoe kuku, umkabidhi mama mkwe ukiwa umepiga magoti, na maneno yataishia hapo. Kuku ulimtoa, tena jogoo mwekundu, mzuri. Ukasimama mbele ya watu wale wote, umemshika miguu, anapigapiga mabawa, ukasema, "Pokea, mama." Ukiwa umesimama wima! Mumeo aliangalia chini. Mama Restuta alimpokea yule jogoo kama mtu anayepokea kitu kilichooza. Kuanzia siku hiyo ukawa mwenye kiburi. Hukuwa tena na jina jingine. Kwenye jumuiya, kwenye misiba, kwenye mashine ya kusaga, yule mwenye kiburi, yule aliyempa mkwewe kuku amesimama. Wakwe wa watoto wako walisikia hata kabla hawajakuona.

Ukaacha kutoka. Ukaacha hata kuja mjini kuchukua dawa za presha. Nikakupigia simu, nikagomba. Ukasema barabara ndefu. "Lami yote, Dada, urefu gani?" Ukacheka kidogo, ukaniuliza habari za watoto. Dawa ukawa unaagiza, zikija zimekuja, zisipokuja unakaa. Halafu kiharusi. Mumeo alikukuta umelala kando ya ghala, ungo wa ulezi umemwagika. Hukusema neno tena. Nilikaa na wewe hospitali mpaka ulipoondoka, ukanishika kidole, na mpaka leo sijui ulikuwa unataka kuniambia nini.

Makaburini, udongo haujakauka, Mama Restuta akasema, na nilimsikia kwa masikio yangu, "Mungu amsamehe kiburi chake." Ningejibu nini? Hata mimi sikuwa na maelezo.

Mwaka jana zamu ikawa yangu.

Siku zangu zilikuwa zimekoma, nikashukuru Mungu, nikasema sasa nimepumzika. Nimepumzika wapi! Joto linanipanda usoni wakati wenzangu wamevaa makoti. Usingizi hauji, bega la kulia halipandi, mgongo nao. Halafu siku moja mteja kanichekesha, nikacheka ile ya kutoka tumboni, nikasikia nimeloa. Nilibaki nimekaa kwenye stuli mpaka yule mteja alipochoka kunisubiri niinuke kumpima. Nikaanza kukaa na mafungu ya vitambaa kwenye droo ya cherehani. Maji nikayapunguza. Misa ya kwanza nikaiacha kwa sababu ya baridi, maana baridi ndiyo mbaya zaidi. Unaona nilikofika? Nilikuwa nafuata njia yako hatua kwa hatua na sikujua kama kuna aliyepita kabla yangu.

Nilikwenda hospitali kwa ajili ya mgongo. Wangeniuliza la mkojo ningekataa mlangoni. Wakanipeleka chumba cha fiziotherapia, nikafikiri ni pale wanapowanyoosha waliovunjika miguu. Nikamkuta binti mmoja, si mtu wa huku, Kiswahili chake cha pwani kinateleza. Ananiinamisha, ananigeuza, halafu ananiuliza kama anavyouliza saa: "Mama, ukipiga chafya au ukibeba ndoo, mkojo unakutoka?"

Nikaangalia mlango kama umefungwa. "Kidogo."

"Kidogo kiasi gani?"

"Cha kuloa."

Hakucheka, Dada. Hakushangaa. Akasema wanakuja wengi, na wengi zaidi hawaji. Akanieleza kwamba chini ya nyonga kuna misuli inayobeba kibofu na kizazi, na imebeba sana: watoto, ndoo, magunia, jembe. Hedhi ikikoma, zile homoni za kike zilizokuwa zinaupa mwili nguvu zinapungua, misuli inalegea, hata mifupa inapungua uimara. Mimi nikaona lastiki ya sketi. Ila lastiki ikilegea unaitoa unaweka nyingine. Hii, anasema, unaifundisha upya, na inafundishika hata kwa bibi mwenye vitukuu.

Akanifundisha kukaza kule chini kama mtu anayezuia mkojo na hewa kwa pamoja, bila kubana matako, bila kuziba pumzi, halafu kuachia mpaka mwisho. Kuinuka kwenye kiti bila kushika. Kusimama kwa vidole nimeegemea meza, kwa ajili ya mifupa. Kupandisha mkono ukutani, bega lifunguke. Nayafanya hata kwenye cherehani. Kuna siku mteja kaniambia, "Fundi, unaumwa? Mbona umekodoa macho hivyo?" Nikamwambia napiga hesabu ya kitambaa chake, na kimepungua. Akatoka mbio kuongeza.

Akaniuliza kama nakunywa maji. Nikasema nimeyapunguza, nikidhani atanisifu. Akasema kosa kubwa, mkojo ukiwa mkali ndiyo unasumbua kibofu zaidi. Pale nikakumbuka nusu kikombe chako. Nikalipuuza wazo hilo.

Miezi ikapita. Siku moja akatandika mkeka akasema, "Leo tushuke na kuinuka. Piga magoti, mama."

Nikasema siwezi, nitaloa.

"Utaweza. Kaza kwanza, toa pumzi, ndipo ushuke. Usishuke kabla ya kukaza."

Nikakaza, nikatoa pumzi, nikashuka. Nikafika chini, mkavu. Yule binti akapiga makofi kwa furaha, "Safi sana, mama!" Na mimi nipo chini, nimepiga magoti, mtu anapiga makofi mbele yangu, nikaiona miguu yako imesimama uani. Kila kitu kikaja kwa pamoja: kanga kwenye kochi, benchi la mlangoni, vitenge vitatu, ulivyogeukia ukuta jikoni. Nililia mpaka binti wa watu akaogopa. "Unaumia wapi?" Siumii, nikamwambia. Nilikuwa naumia sana.

Nikapanda gari hadi kwa mumeo. Shemeji yangu unamjua, maneno yake yanatoka kama anayanunua. Nikamuuliza moja kwa moja. Akawa anakwangua udongo kwenye jembe.

"Nilijua," akasema. "Mashuka alifua mwenyewe. Godoro nilikuwa naligeuza mimi. Aliniapisha."

"Na kikao kile? Uliwaacha wamtoze?"

"Nilitaka kusema. Akanishika mkono. Akasema, bora waniite mwenye kiburi kuliko wajue najikojolea mbele ya wakwe."

Nikamuuliza siku ile ya mzee wa Kaoze ilikuwaje. Akasema wiki moja kabla yake ulishuka kumwamkia jirani, ukaloa hapohapo, ukasingizia kibuyu cha maji. Baada ya hapo ukaapa hutashuka tena mbele ya mtu.

Dada, miezi michache! Mkeka na pumzi, basi! Hakuna kisu, hakuna sindano. Ungeshuka na kuinuka, ungeimba sauti yako ya pili, ungepanda gari kuja kuchukua dawa zako na kunywa chai yangu mpaka birika likauke. Hospitali yenye chumba kile nimeipita miaka yote nikienda sokoni. Naamka nikiwaza hilo, nafanya mazoezi nikiwaza hilo, na kila ninapopata nafuu nakasirika upya kwamba ni mimi ninayepata na si wewe.

Misa ya kukukumbuka ilipofika nikaenda. Mama Restuta sasa amezeeka, anakaa kwenye ngozi juani, macho yameanza kuingia ukungu. Nikakaza, nikatoa pumzi, nikashuka, nikapiga makofi. Akaniitikia kwa furaha, akanishika kichwa.

"Wewe una adabu," akasema. "Dada yako alikuwa na kiburi."

Nilikuwa nimejiandaa kunyamaza. Nakuapia. Ulikuwa umechagua mwenyewe, na siri ni yako, na marehemu hawezi kuulizwa kama amebadili mawazo. Lakini nilikuwa bado nimepiga magoti, na niliona nikiinuka bila kusema nitakuwa nimekubali. Nikamsogelea sikioni nikamwambia yote. Mkojo, vitenge, ukuta wa jikoni. Nikamwambia kwamba mimi niliye chini mbele yake ninao ugonjwa huohuo, nimefundishwa hospitali ndiyo maana nimeshuka.

Aliuondoa mkono wake kichwani kwangu. Nikadhani ni kinyaa.

"Kwa nini hakuniambia?"

"Angekuambia ungefanya nini, mama?"

Nilitegemea aseme angekusaidia. Wote husema hivyo. Mama Restuta akafikiri kweli, nikamwona anafikiri, akasema, "Ningecheka." Kisha akasema, "Na jioni ile kijiji kizima kingejua. Alinijua yule mtoto."

Nikainuka nikaenda kuwasaidia wenzangu kupakua ugali. Nikasema moyoni, nimekuuza. Nimekuvua aibu moja nikakuvika ile uliyoikimbia mpaka kaburini.

Baada ya chakula jumuiya wakasali rozari uani. Walipomaliza, Mama Restuta akaomba anyanyuliwe. Wajukuu wakamshika huku na huku. Nilifunga macho, Dada. Nilijua kinachokuja.

Akasema, "Mkwe wangu mimi ndiye niliyemwita mwenye kiburi, ninyi mkafuata. Hakuwa na kiburi. Alikuwa anaumwa."

Wanawake wakaangaliana. Mmoja, yule jirani yako asiyepitwa, akauliza, "Anaumwa nini, mama?"

"Anaumwa," akasema Mama Restuta. "Wewe unataka nini zaidi?" Akaomba akalishwe, akajifunika kitenge usoni, na hakuna aliyemtoa neno jingine mpaka tunaondoka.

Nilisubiri nijisikie nafuu. Sikujisikia. Nilirudi mjini nikiwa nimenuna kwa sababu maneno yale yalisemwa kwa sauti, uani pako, mbele ya wote waliokutoza, na aliyestahili kuyasikia hakuwepo. Ndiyo maana nimeandika. Na kama kuna mwanamke wa huku juu anayesoma hapa akadhani ninamwandikia yeye, aende akaulizie chumba kile, asione haya. Asiwe na haraka ya kufa na siri.

Lala, Dada. Umesafishwa, hata kama tumechelewa.

Ni mimi mdogo wako,
kitinda mimba wa mama